Mama, Admini wa Grupu la Maji

Mtaa wetu hapa Maisaka una grupu la simu la maji. Lilianzishwa ili anayeona maji yametoka awajulishe wenzake, wakinge kabla hayajakatika. Mama yangu ndiye admini, na balaa lote lilianzia hapo.

Mama ni mkunga mstaafu. Nusu ya vijana wa mtaa wamepita mikononi mwake, ndiyo maana harusini hakai nyuma. Huketishwa meza kuu hata kama bibi harusi hamfahamu. Grupu lilipofunguliwa, majirani walimfanyia vilevile, wakampa uadmini kwa heshima. Kuongeza mtu hajui, kufuta ujumbe hajui. Yeye huandika tu "Bwana asifiwe, mmeamkaje" kila asubuhi, nao siku zile walimwitikia kwa maua na mikono ya kusali. Nilikuwa nikimtania kwamba amepata uchifu uzeeni.

Mwaka jana, kipindi kile redio ilipokuwa haiishi kuonya juu ya makosa ya mtandaoni, jirani mmoja, fundi pikipiki, alirusha sauti kwenye grupu. Bomba lilikuwa kavu. Alisema matenki ya wakubwa yanafurika, akamtaja kiongozi mmoja kwa cheo chake, kwa maneno makali ambayo hata mimi huyasema nikiwa jikoni. Tulicheka. Mama hakuifungua hiyo sauti. Anasema sauti zinakula bando.

Kesho yake wanaume wawili walifika nyumbani, mashati wameyachomekea vizuri. Mmoja alimwamkia mama huku akiinama kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni chai."

"Asante mama. Ni wewe admini wa grupu la maji?"

Nilitoka jikoni mbio, mikono ina unga, nikimkonyeza asijibu. Nilichelewa. Alikuwa amenyoosha mgongo kama siku aliyoagwa kazini.

"Ndiyo, wanangu. Ni mimi mwenyewe."

Walimweleza kwa upole, na upole huo ndio ulionitia hofu. Kinachorushwa humo, walisema, wa kuulizwa ni admini. Fundi wangemfuata wenyewe. Nilifoka kwamba mama hajui hata kufuta ujumbe, wamwache mzee wa watu. Yule aliyemwamkia hakunitazama. Aliomba simu, akaingiza namba fulani, kisha akamrudishia na kumwonyesha pa kubonyeza.

"Bonyeza hapa, mama. Tukiwa pamoja nanyi humo, hutasumbuliwa."

Mama alinitazama. Nilitikisa kichwa kumkataza. Akawatazama wale wawili, kisha akabonyeza.

Mtaa mzima uliona kwamba admini ameongeza namba. Haikuwa na picha wala jina. Hakuna aliyeuliza ni ya nani, na hakuna aliyethubutu kutoka kwenye grupu. Banda la fundi limefungwa tangu wiki ile. Wengine wanasema amekimbilia kwa ndugu zake Mbulu, wengine wanasema siyo, ila wanasema kwa kunong'ona. Mkewe akipita kwetu humwamkia mama bila kusimama, na mama hushinda siku hiyo hana raha.

Bado anawasalimu kila asubuhi. Majirani hawaitikii tena. Namba ile pekee ndiyo humjibu, mikono ya kusali, kabla hata hajaweka simu mezani.

Juzi maji yalikatika. Nilipofungua mlango niliwaona majirani wakishuka na madumu kuelekea ziwani, na kwenye grupu hakukuwa na neno hata moja. Ndani, mama alikuwa amekaa na simu mkononi, miwani puani.

"Mwanangu," aliniuliza, "nikiandika kwamba maji hayatoki, nalo ni kosa?"

Mimi ninayejulikana mtaa mzima kwa mdomo, nilichungulia dirishani kwanza. Kisha nikapunguza sauti.

"Usiandike, mama."