Lori Lililokwenda Louisville

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi nikipakia lori harakaharaka kama mwizi, na vitu vilikuwa vyangu mwenyewe. Nakuambia haya, mwanangu wa kanisani, kwa sababu jana ulinionyesha kwenye simu lori ulilokodi na ramani ya miji malori yanakokwenda kwa wingi, na mkeo ni mjamzito wa miezi minane. Tangu hapo moyo wangu hautulii.

Wakati huo tuliishi mtaa wa Lower West Side hapa Buffalo, jimbo la New York, mimi, mke wangu Esperance na mama yangu. Sikuwa na mvi hata moja, na nilijiona najua mambo. Kujua kwenyewe kulitoka kazini. Nilikuwa naosha malori ya kukodi kule Cheektowaga, nje kidogo ya mji, yale ambayo mtu anajiendeshea akihama. Kila mwezi bosi alibandika ukutani karatasi ya malori yaliyotoka na yaliyokuja. Ya kwenda Columbus na Louisville yalikuwa mengi, ya kutoka huko kuja kwetu machache. Nikasema basi, wenzangu wameshaona penye maisha, mimi naganda kwenye theluji hii nikisubiri nini? Nikakodi lori la kwenda Louisville.

Linaloniaibisha zaidi ni hili. Kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania nilikokulia, mtu akihama alipita nyumba kwa nyumba kuaga, na watu walimuuliza maswali mpaka akachoka. Mimi sikumuaga mtu. Niliogopa maneno ya kanisani, niliogopa kijicho, na kusema kweli niliogopa kuambiwa ngoja kwanza. Esperance aliponiuliza habari ya matibabu ya mama, nilimjibu kwa mkato kwamba hata Louisville kuna hospitali.

Figo za mama zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alikaa kwenye mashine ya kusafisha damu, na Jumamosi ilikuwa siku yake. Tukairuka. Nilijiambia Jumatatu tutapata mashine huko tuendako.

Kabla hatujafika Columbus, katikati ya safari, pumzi zake zikaanza kuwa fupi. Viatu vilikuwa vimembana, Esperance akamvua, na alama za kamba zikabaki kwenye miguu. Nikampigia Mzee Bahati, shemasi Mkongomani tuliyesali naye Buffalo kabla hajahamia Columbus. Alitupokea mlangoni, akamtazama mama, akaniuliza ni daktari gani anamngoja Louisville. Badala ya jina nikaanza kumweleza ile karatasi ya ukutani, eti malori mengi yanakwenda huko.

Hakupaza sauti. “Bon, sawa, mwana. Ile karatasi ilihesabu magari. Mama yako, ilimuhesabu wapi?”

Tukamkimbiza hospitali. Daktari alisema tungeendelea na safari, asingefika. Alilazwa siku tatu, na hapo ndipo tulipoambiwa kwamba kadi yake ya matibabu ni ya jimbo la New York, na kupata nafasi ya kudumu kwenye mashine jimbo jingine kungechukua majuma. Yeye majuma hakuwa nayo.

Lori nilitakiwa kulikabidhi Louisville, kwa hiyo nikalipeleka peke yangu, nikilia njiani, sikufichi. Vitanda na makochi niliwaachia watu wa kanisa la huko. Mama na Esperance walirudishwa Buffalo na Mzee Bahati kwa gari lake, mama akarudi kwenye mashine yake, mimi nikarudi kwa basi na begi moja. Mwezi ulipokwisha, nikiwa nimerudi kazini, bosi alibandika karatasi mpya, na lori langu lilikuwemo kati ya yale yaliyohamia Louisville. Basi nililorudi nalo halikuandikwa popote. Kwa anayesoma karatasi zile, mimi bado ninaishi huko na mambo yangu ni mazuri.

Sikuambii usiende, mwanangu. Wako waliokwenda wakatulia, wakanunua nyumba. Lakini ramani hiyo ya simu inajua malori yalikofikia tu. Watafute waliorudi, uwaulize kilichowarudisha. Ijue kwa jina hospitali atakayojifungulia mkeo, na uhakikishe watampokea, kabla hujafunga mlango. Halafu njoo kanisani utuage, utuache tukuchoshe kwa maswali.

Mungu awatangulie barabarani. Mkeo ajifungue salama, mtoto alie kwa nguvu, na mkiona mambo yamekuwa magumu, awaondolee aibu ya kurudi.