Rangi ya Maji

Kila asubuhi msoma kipimo cha mto, chini ya mlima wa Sekenke, huvua kandambili, huingia majini hadi magotini, husoma ubao wenye namba, kisha huchota maji kiganjani na kuyatazama. Daftari la ofisi linauliza kina tu. Yeye huongeza rangi pembeni: mekundu, mvua imenyesha mlimani; meusi, yamepita kwenye udongo mweusi wa mbugani.

"Mama, rangi hatuihitaji," afisa wa maji alishamwambia.

"Sawa, mwanangu," akajibu, na kesho yake akaandika tena.

Juzi kiganjani yalikuwa ya kijivu, maji yenye sumu ya kuoshea mawe ya dhahabu. Akawafukuza wenye ng'ombe waliokuja kunywesha, akarudi nyumbani, akamwaga maji aliyoteka mtoni alfajiri. Kisha akampigia mumewe mgodini.

"Baba Luciana, mlichoosha huko juu kimefika kwenye ndoo zangu."