Mwanamke Chini ya Paa

Kila asubuhi mwalimu mstaafu hufika bustanini na ndoo ya maji na brashi ndefu kama ufagio, akaandika kwa maji kwenye sakafu ya mawe herufi ileile ya Kichina, yenye maana ya amani. Huivuta taratibu, mgongo wima, kisha hujikohoza kwa ajili ya wasikilizaji wake, ambao somo wanalijua tangu mwaka juzi. "Hili la juu ni paa. Huyu wa chini ni mwanamke. Wazee wetu waliona mbali: mke akitulia nyumbani, mume analala usingizi wa pono." Nani huijaza ile ndoo, hajawahi kueleza.

Leo mkewe alipita akiburuta sanduku la magurudumu. "Baba Ruolan, mimi nawahi treni. Mwanao kajifungua, mjukuu atalelewa na nani, hiyo brashi yako? Wali uko kwenye sufuria. Wa kesho utajijua."

"Utarudi lini?"

"Mtoto akianza shule."

Mzee Pang, mmoja wa wasikilizaji, akainua kichwa kutoka kwenye sataranji. "Mwalimu, hebu tueleze tena hiyo amani!"

Mwalimu akachovya brashi, akaandika paa. Mkono ukasita. Jua likalikausha kabla hajaamua amweke nani chini yake.