Bundi wa Britta

Kati ya viumbe wote wa Mungu, Britta alichagua kuwa bundi.

Bibi yake, Arlys, hakubisha. Alikuwa mjane wa kaskazini mwa Minnesota, mdomo mkali, mkono mwepesi, na hakuna mtoto wa nyumba yake aliyewahi kuvaa vazi la dukani usiku wa Halloween, watoto wanapojivika sura za wanyama na mizimu. "Vya dukani ni vya wavivu," alizoea kusema, tena kwa sauti ya kuwafikia majirani walionunua. Akayakata mashati mazito ya marehemu mumewe, yakawa manyoya ya kitambaa, akayapanga kifuani kama vigae vya paa.

Baridi ya huko haina adabu. Mwisho wa Oktoba theluji imeshafika, na mtoto hapiti nyumba za watu kuomba pipi bila koti nene. Basi vazi hushonwa pana, livaliwe juu ya koti. Ndivyo Arlys alivyofundishwa na mama yake, ndivyo wanawake wote wa mji ule wafanyavyo, na hapo ndipo balaa lilipopata pa kujificha.

Siku ya kwanza ya kulijaribu, vazi lilikaa sawasawa. Mara ya pili likapwaya.

"Umekosea vipimo, Mama," alicheka Marlene, mama yake Britta. "Uzee huo."

"Wako unakuja, usiwe na haraka," Arlys akamjibu, akatia pini, akapunguza kiuno.

Britta, amesimama juu ya kiti, akaomba maji. Akamaliza gilasi, akaomba nyingine.

"Siku hizi anakunywa kama ng'ombe," Marlene akasema. "Na kitanda anakilowesha, mtoto wa darasa la pili mzima."

"Bibi, mwambie asiseme," Britta akanong'ona.

"Hata yeye alilowesha," Arlys akamwambia, na mtoto akatabasamu. Lakini moyo wa bibi haukutulia, na hakujua kwa nini. Akarudi kwenye cherehani kushona macho ya bundi.

Siku chache kabla ya sikukuu akamvalisha tena. Likapwaya tena. Arlys akasimama na pini mdomoni. Nguo haijipanui yenyewe, na yeye kukosea mara mbili, hapana.

"Vua koti, mama."

"Nasikia baridi, Bibi."

"Vua."

Chini ya koti mabega yalikuwa mifupa mitupu. Huyu ndiye mtoto aliyemwogesha ziwani majira ya joto, mashavu tele! Akamsogelea. Pumzi yake ilinukia tufaha lililoiva kupita kiasi.

"Marlene, washa gari."

"Ana mafua tu, Mama. Shule nzima ina mafua. Punguza kiuno tumalize."

"Nimeshapunguza. Nikipunguza tena nitakuwa namshonea sanda."

Marlene akachukua funguo.

Njiani kwenda hospitali Britta alilaza kichwa mapajani mwa bibi yake. Arlys akamwita, akaitika. Akamwita tena, akaitika kwa mbali. Mara ya tatu hakuitika. Arlys akaendelea kumwita kwa ukali, kama anayemkaripia, kwa sababu aliogopa kwamba akimwita kwa upole atalia. Marlene alikanyaga mafuta, theluji ikipiga kioo.

Daktari alimwinamia mtoto, akanusa pumzi yake, akaita watu hata salamu hajamaliza. Baadaye akawaeleza: ni kisukari. Mngengoja hadi asubuhi, asingeamka. Ataishi, lakini kwa sindano kila siku ya maisha yake, na sukari aiogope kama moto.

Siku ya sikukuu Britta alikuwa macho, amejaa mirija. Jioni wauguzi waliwaingiza watoto wa mji, wamevaa vinyago, wapite vyumbani kuwagawia wagonjwa pipi. Vicheko vyao vikasikika ukumbini. Britta akajiinua kitandani.

"Bibi, wanakuja huku?"

"Wanakuja."

"Watanipa na mimi?"

Arlys akainuka. Akaenda kusimama mlangoni, akauziba kwa mwili wake, akawaambia wale watoto taratibu wapite chumba kinachofuata.