Mtihani wa Kuni kwa Mama Evelyne

Mimi Mama Sabaha, mwenye duka pembeni ya barabara ya Dodoma hapa Bonga, sijaona mama mkwe mkorofi kama jirani yangu Rosalia. Wenzake binti akiposwa huuliza kabila, dini na kazi. Yeye huuliza kuni.

Ni desturi ya kwao, anadai. Anayetaka binti hupelekwa shambani kiangazi, majani yote yamepukutika, akate matawi ya miti migumu, ayakaushe, kisha siku ya posa awashe moto wa kupikia makande ya wakubwa. Likionekana hata gogo moja laini, arudi kwao. Waume wa mabinti zake wawili wa kwanza walipita. Kuna mwingine alileta mzigo wa mnyaa, moshi ukatuwasha macho sote, na mpaka leo akipita dukani kwangu anageuza uso.

Safari hii alikuja Theophil, fundi wa mitambo kwenye machimbo huko Geita, akimtaka Evelyne, kitinda mimba. Rosalia hakumtaka. Kijana hana kasoro, ila Geita ni mbali, na Evelyne ndiye aliyebaki nyumbani tangu baba yake afariki. Hilo hakumwambia mtu. Alichosema ni, "Fundi wa mashine atajua mti gani?"

Alijua, maana Evelyne alimfundisha kwa siri. Siri gani, mimi nilikuwa nawaona jioni shambani wakipapasa miti.

"Angalia matawi," binti anamwambia. "Mlama hutoa mawili mawili, yanatazamana. Mgunga hutoa moja huku, moja kule, tawi linakwenda kwa kupindapinda, na gome limepasuka toka juu hadi chini. Ule wa uzio wetu usiuguse. Gome linabanduka kama karatasi, chini kijani, na vitumba vimekaa kwenye vijiti vifupi vyenye ncha. Ule ni maji matupu."

Nilipita pale mara nyingi kuliko nilivyokuwa na shughuli. Umbea nao ni kazi.

Siku ya posa ikafika. Wajomba wa Evelyne wamekaa na fimbo zao, Theophil akatua mzigo, kuni kavu kabisa. Rosalia akageuza kipande kimoja kimoja, akakwangua kwa ukucha, akanusa. Mlama na mgunga tupu, laini hakuna hata kimoja. Uso ukamshuka. Kijana alipowasha moto na kubandika makande, Rosalia akasema anakwenda nyuma kuchuma mboga.

Mboga wapi. Nilimwona kwa macho yangu akikata tawi la uzio, akalificha kwenye khanga, akarudi kulisukuma jikoni katikati ya mafiga. Niliziba mdomo nisicheke.

Kosa lake lilikuwa haraka. Kuni za kijana zilikuwa zimeanikwa juani wiki kadhaa, yeye katia mbichi. Gogo likaanza kulia na kutoa povu, moto ukafifia, wajomba wakatazamana.

Theophil akalivuta nje. Akapitisha kidole gumba kwenye gome. Akatazama kuni zake, kisha uzio, pale palipokatwa, utomvu bado unachuruzika. Halafu akamtazama Rosalia. Nikasema moyoni, leo mwanamke huyu kaumbuka.

"Nimekosea, mama," akasema. "Hili nimelileta mimi."

Evelyne akataka kusema, kijana akamtikisia kichwa. Basi, Rosalia alikuwa ameshinda. Wajomba wakaanza kuinuka. Yeye akabaki anakoroga makande ambayo hayakuhitaji kukorogwa, na mimi nikaanza kumkasirikia kwa dhati.

"Kaeni," akasema mwishowe, bila kugeuka. "Hajakosea. Nimelikata mimi. Evelyne akienda Geita nabaki na nani humu ndani? Na kuku?"

Akafuta machozi kwa ncha ya khanga, kisha akamgeukia Theophil kwa hasira, kana kwamba kosa ni lake.

"Na wewe, mtu anakutilia kuni mbichi motoni, unanyamaza?"

"Ningesema nini, mama? Niko kwako."

Rosalia akasogea pembeni, akampisha pale jikoni.

"Ongeza mlama hapo, mwanangu," akasema. "Wajomba zako wana njaa."