Pipa Lililokula Rangi

Mama Rangi alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Utotoni wenzake walimwita Kwa Nini, na hata alipokuwa fundi wa kutia vitambaa rangi uani kwake, hakupona. Sasa maji yake ya kusuuzia yalikuwa yakipaka mtaro wa mtaa mzima, leo mekundu, kesho ya buluu. Bwana afya alishamwonya kwamba Ijumaa akiyakuta tena mtaroni, ua ule ataufunga kwa kufuli.

Hapo akakumbuka jambo. Vumbi la mkaa wa vifuu liliwahi kumwagikia ndoo ya maji hayo, na kulipokucha yakawa yamepauka. Jamani, rangi ilikwenda wapi? Akachoma vifuu vya nazi ndani ya debe lililofunikwa, viwe mkaa visiwe jivu, akavitwanga, akavijaza kwenye pipa lenye tundu chini. Mara ya kwanza kuyapitisha, maji yalitoka meusi tii. Wifi yake, mwenzake wa kazi, alicheka mpaka akakaa chini, akasema wameruka mkojo wamekanyaga mavi. Mama Rangi akauosha mkaa hadi ukaacha kutoa weusi.

Ijumaa asubuhi alitoka kuchota maji. Wifi, ambaye hajawahi kuchovya kitambaa bila kwanza kuchuja rangi, akaliona pipa, akadhani linatoa uchafu tu, akaona chujio ndilo hilo. Akamimina taratibu rangi mpya ya mteja, buluu iliyokolea. Mama Rangi aliporudi alimkuta kashika kiuno.

"Wifi, muuza rangi katupiga. Haya ni maji matupu."

Mama Rangi alipandwa na hasira, rangi ya mteja ndiyo imekwenda hivyo. Kisha akachungulia ndoo, akaona mpaka chini, hasira ikamwisha yenyewe. Mara bwana afya akabisha hodi, kufuli mkononi.

Alitaka kuona maji ya kusuuzia yakipita. Mama Rangi akayamimina, roho juu, maana huenda mkaa ulishashiba. Bwana afya akachovya leso yake kwenye yaliyotoka, akaikamua, akaigeuza huku na huku. Nyeupe pee.

"Na rangi imekwenda wapi?"

"Nami nauliza hilohilo. Naona mkaa umeishika. Ukishiba nitaubadilisha."

Bwana afya akasema atakuwa anapita kukagua, akaanza kutia kufuli mfukoni. Mama Rangi akamwomba amwachie.

"La nini tena?"

"La pipa. Leo wifi kachuja rangi ya mteja, kesho atachuja chai."