Kuvuka Bwawa la Matulo

Nilitoka Kitale kwenda Matulo kwa sababu bwawa la hoteli ninamoogelea lina sakafu, na ziwa halina. Mimi ni mshonaji, duka langu liko karibu na msikiti, na kuogelea nilianza nikiwa tayari na mjukuu, daktari aliponiambia goti langu halitaki tena matembezi marefu. Jirani zangu wawili, Barasa wa baiskeli na Jeptoo wa mbio, walikuwa wamejiandikisha kwa mashindano ya timu: mmoja anaogelea ziwani, wa pili anaendesha baiskeli, wa tatu anakimbia. Muogeleaji wao akahamishwa kikazi. Barasa akaja dukani.

"Mama Salma, si wewe unajua kuogelea?"

Nikasema najua. Nilijua kama vile mtu anayeweza kuchemsha maji anavyojua kupika. Nikichoka, nilikuwa nasimama.

"Basi enda kwetu Matulo ujaribu," akasema. "Kuna bwawa ya ng'ombe, kubwa, haina mwisho chini. Mama yangu atakuangalia."

Jumamosi asubuhi nilipanda lori la binamu yake lililokuwa likipeleka mbegu za mahindi Webuye. Ndani ya buibui nilikuwa nimevaa vazi langu la kuogelea, lile la kufunika kuanzia kichwani hadi vifundoni, kwa kuwa sikujua kama huko kuna mahali pa kubadilishia. Tulipofika Kiminini nilikuwa nimelowa jasho kana kwamba nimeshaogelea. Mapajani nilipakata boya la rangi ya chungwa, ambalo muogeleaji hujifunga kiunoni ili aonekane kwa mbali. Kizibo chake kilikuwa kimekwama, hewa haitoki.

Kamukuywa, dereva alisimama kununua ndizi. Mama mmoja akaja dirishani, akaligonga boya kwa kidole.

"Hii malenge imetoka wapi?"

"Si malenge, mama. Ni hewa."

Akaniangalia, akaliangalia boya. "Unauza hewa?"

"Nasafiri nayo tu."

Akazunguka upande wa pili, akamwambia dereva aendeshe polepole.

Matulo tulifika jua likiwa limeshaanza kuchoma. Mama Rispa, mamake Barasa, ni mwanamke mwenye sauti ya kufika ng'ambo, na ndiye mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao. Alikuwa amewaita wote. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi ukingoni mwa bwawa, na sare zao na chupa zao za chai. Mbele yao alisimama Wekesa, jirani mwenye ng'ombe wa kulima, ameshika kamba ndefu.

"Karibu, Mama Salma," Mama Rispa akasema. "Ati unaingia maji kwa kupenda kwako?"

"Ndiyo, mama."

"Hakuna mtu amekukosea huko nyumbani?"

"Hakuna."

"Bwana yako anajua?"

"Ndiye amenifungia chapati."

Hilo lilimtuliza kidogo, lakini kamba ilibaki. Wekesa akanifunga kiunoni kwa fundo analomfungia fahali. Nikamweleza: nikiinua mkono ujue nimeshindwa, vuta.

Nikaingia. Nikapiga mkono wa kwanza. Kamba ikakaza, nikarudi ukingoni kinyumenyume, mdomo umejaa matope.

"Umeinua mkono," Wekesa akasema.

Nikamwambia kuogelea kwenyewe ndiko kuinua mikono. Akafikiri. "Sasa si ungesema mapema, bana."

Mara ya pili nilipotumbukiza uso, Mama Rispa alitangaza kwamba kichwa kimepotea, nikavutwa tena. Ikabidi niwafundishe. Nililala kifudifudi kwenye nyasi nikawaonyesha: mkono, mkono, pumua. Akina mama wakafuatisha wakiwa wamekaa.

"Mkiona mikono inaenda juu, mimi ni mzima," nikasema. "Nyinyi mnipungie tu."

Kamba ikafunguliwa, nikabaki na boya langu tu kiunoni.

Safari hii nilienda, mpaka katikati. Huko maji yalikuwa meusi na baridi ilipanda kutoka chini. Gugu la majini likanizunguka kifundo. Nikashtuka, nikameza maji, nikashusha mguu mwingine kutafuta sakafu, na sakafu haikuwepo. Nikainua mkono, nikaupunga kwa nguvu zangu zote.

Akina mama wakasimama wote wakanipungia. Wekesa akavua kofia akaipeperusha. Wimbo ukaanza.

Nikainua mikono yote miwili. Sauti ya pili ikaingia.

Hapo nikaelewa kwamba hakuna anayekuja. Sikupata ushujaa wowote. Nilikosa tu jambo lingine la kufanya. Nikalivuta boya nikalikumbatia kifuani, nikajigeuza chali, nikatazama mawingu. Nikawa namtaja Mwenyezi Mungu polepole, pumzi kwa pumzi, wao wakiendelea na ubeti wao, hadi gugu likaachia. Kisha nikapiga mkono mmoja, na mwingine, mpaka magoti yangu yakagusa tope la upande wa pili.

Mama Rispa alikuwa amezunguka bwawa na blanketi na chai.

"Ulifurahi sana pale katikati," akasema. "Tulikuona."

"Nilikuwa nakufa, mama."

Akakaa kwenye tope na sare yake nzuri, akanishika mkono. "Na sisi tulikuwa tunaimba."

"Mliimba vizuri," nikasema, na ilikuwa kweli.

Jioni nilirudi Kitale na lori lile lile, likiwa tupu. Nilichojifunza Matulo hakikuwa mbinu ya kuogelea. Nilijifunza kwamba woga ukishakufikia katikati ya maji, huna pa kuukimbilia. Unalala nao chali mpaka uchoke wenyewe.

Wiki chache baadaye tulikwenda ziwani. Woga ulikuja, kama nilivyotarajia. Nikalala chali nikausubiri upite, na waogeleaji wengine nao wakapita. Nilitoka majini nikiwa wa mwisho kabisa. Barasa, aliyekuwa akingoja nimguse bega ndipo aondoke, alikuwa amebaki peke yake uwanja mzima na baiskeli yake, kwa hiyo sikupata taabu kumtafuta.